Kadi ya picha ya kompyuta (GPU) inaungua, tunaambiwa "ni kawaida". Kawaida kwa nani?

Wakuu, nimechoka na hawa watengenezaji wa kadi za picha. Kila ukilalamika kwamba kadi inachemka kwenye gemu zito, huduma kwa wateja wanajibu yale yale: iko ndani ya kiwango, hiyo ni kawaida.

Haya, tuangalie hiyo kawaida. Nikicheza kama nusu saa, joto la chipu linasoma nyuzi 78. Ukiishia hapo unaona mambo shwari. Fungua HWiNFO sasa, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta: sehemu yenye moto zaidi ndani ya chipu hiyo hiyo iko 102, na GDDR6X, aina ya memori iliyo kwenye kadi yenyewe, inagonga 110, kiwango ambacho kadi inaanza kujipunguzia kasi yenyewe. Hapo ndipo fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinaporomoka katikati ya mapambano, picha inakwamakwama, na wewe unaishia kulaumu gemu. Muda wote huo feni zinajizungukia kivivu, asilimia 50 na kitu!

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Uwezo feni zinao. Zimepangwa kiwandani zisipige kelele, maana kadi ya kimya ndiyo inayosifiwa. Nyingi hata hazianzi kuzunguka mpaka chipu ipate nyuzi 50 au 60. Pedi za kupitisha joto juu ya memori wanaweka za bei chee, halafu kwenye skrubu wanabandika stika ya kukutisha: ukifungua kubadilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya chipu, waranti basi. Wao wabane matumizi, sisi tuungue.

Watengeneza gemu nao wasijifiche. Menyu yenye vitufe vinne inaendeshwa fremu mamia kwa sekunde ya nini? Julai 2021, kwenye majaribio ya New World, gemu la Amazon, kadi za RTX 3090 za watu zilikufa, na wengine walisema walikuwa kwenye menyu tu. EVGA, iliyotengeneza baadhi ya kadi hizo, baadaye ilikiri kwamba kadi zake zilizokufa zilikuwa na kasoro ya kulehemu. Sawa, lakini Amazon nao waliweka kikomo cha fremu kwenye menyu baada ya maafa. Walishindwa nini kukiweka mapema?

Kwa sasa kazi yao naifanya mimi. Nimezipangia feni upya kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, chipu ikigusa 70 ziwe zimefika asilimia 75. Fremu nimezifunga zisizidi uwezo wa skrini. Kilichosaidia kuliko vyote ni kushusha volti za chipu: kasi imebaki ile ile, umeme unaoliwa umepungua, joto limeshuka waziwazi. Memori bado inachemka, kwa sababu pedi mbovu haziponi kwa programu. Na kabla hamjaniambia ni kasha la kompyuta linalozuia hewa, nimecheza na ubao wa pembeni ukiwa wazi, vumbi limepulizwa, tofauti ni ndogo mno.

Watuonyeshe joto la memori kwenye programu zao wenyewe. Waweke swichi ya kuchagua ukimya au ubaridi kwenye kila kadi. Baadhi ya matoleo tayari yanayo, kwa hiyo inawezekana. Na waache kututishia waranti kwa kubadilisha pesti.

Wenye kadi zenye GDDR6X, wekeni namba zenu hapa: chipu, memori, kasi ya feni, gemu gani. "Kwangu iko poa" bila namba haisaidii mtu.