Mrejesho: usaili wa kampuni ya utalii, Moshi

Wakuu, salaam. Niliomba ushauri wa namna ya kuichunguza kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro iliyoniita kwenye usaili, upande wa kupokea oda za wageni. Nawashukuru sana, mmenisaidia.

BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, nilitafuta jina lao mtandaoni, nikalikuta limesajiliwa. Hofu ya matapeli ikaisha, ila zaidi ya hapo sikupata kitu.

Ushauri uliofanya kazi kweli ni wa kaka aliyesema niwaulize wapagazi. KPAP, wale wanaotetea wapagazi na wana ofisi hapahapa Moshi, wana orodha ya kampuni washirika zinazokubali kufuatiliwa zinavyowalipa na kuwahudumia wapagazi. Kampuni iliyoniita haimo. Haina maana ni mbaya, lakini nilipata la kuuliza. Wapagazi wenyewe waliniambia hela hutoka, ila huchelewa. Kwenye usaili nikamuuliza meneja kwa adabu kuhusu malipo hayo; alieleza kirefu, na nadhani hapo ndipo alipoanza kunisikiliza.

Waliniuliza pia tofauti ya njia za kupanda mlima. Nilikuwa nimesoma: Marangu wageni hulala kwenye vibanda, Machame ni mahema.

Kilichogoma ni mshahara. Waliowahi kufanya kazi pale niliowaandikia hawakujibu, hivyo niliingia bila kujua kiwango, na walichotaja ni kidogo kuliko nilivyotarajia.

Kazi nimepewa, kwa kipindi cha majaribio. Nimeomba michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) iandikwe kwenye mkataba, wamekubali. Mungu awabariki.