AMCOS yetu ianzeje ushirikiano wa tehama?

KatibuMbinga: Wakuu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa AMCOS ya kahawa (chama cha ushirika cha wakulima) huku Mbinga. Mnara upo, lakini mtandao unashika kilimani tu. Chuo kimoja kimekubali kutufundishia vijana, na ghala letu lina sola. Nataka wakulima waione bei ya mnada wenyewe, na malipo yaingie kwenye simu zao. Tuanze na nini? Kompyuta za msaada zinazokula vumbi nimeziona kata nyingi, sitaki hilo litukute.

FundiMinara: Mkuu, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge minara vijijini. Pelekeni ombi kupitia halmashauri, mtaje vitongoji visivyoshika.

MamaUshirika: Katibu, someni habari za Zenzeleni, mtandao wa simu na intaneti unaomilikiwa na wanakijiji kule Mankosi, Afrika Kusini. Wanakijiji walishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape, wakasajili ushirika wao mwaka 2014. Vituo vyao vilitumia sola, na pesa za mwanzo zilitokana na kuchaji simu za watu. Chuo kilileta utaalamu, mali ikabaki ya wanakijiji. Hapo ndipo mkaze! Mkataba useme vifaa ni vya nani chuo kikiondoka. Na habari ya leseni, waulizeni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kabla hamjanunua hata antena moja.

KatibuMbinga: Asante sana, mama. Mkutano mkuu ni Jumamosi, la umiliki nalipeleka liwe ajenda ya kwanza. Kuna mwenye mfano wa mkataba wa namna hiyo?