Watengeneza bodi, kwa nini mnajiandikia draiva (programu za kuendesha vifaa) za kuongea na prosesa ya umeme wakati kerneli, yaani kiini cha Linux, inazo tayari??

Wakuu habari za usiku huu, leo naomba nitoe ya moyoni maana nimechoka kabisa.

Sisi hapa Mwanza tunafunga vifaa vya kupima ubaridi kwenye makasha ya barafu ya sangara, boti zinazotoka Ukerewe kuja mwaloni Kirumba. Kifaa kinatumia betri na sola kwahiyo muda mwingi lazima kilale, na kwenye hizi bodi kulaza na kuamsha si kazi ya CPU kubwa, kuna prosesa ndogo pembeni ndo imeshika umeme, saa za chipu (mapigo yanayoendesha kasi yake), joto, kila kitu, Linux inaitumia ujumbe tu inasubiri jibu. Sasa hapo kwenye kutuma ujumbe ndo waliotuuzia bodi wametuumiza.

Wameacha meiliboksi ya kerneli, ule mfumo wake wa kupitisha ujumbe kati ya prosesa, wakajiandikia draiva yao toka sifuri, ndani kuna lupu inasubiri biti moja ibadilike, imeshika spinloki (kufuli inayofanya wengine wasubiri huku wanazunguka), intarapti (ishara za kuikatiza CPU) zimezimwa, taimauti, yaani kikomo cha kusubiri, HAKUNA. Ujumbe mmoja ukipotea basi, CPU inazunguka hapo hapo mpaka betri inakata katikati ya ziwa. Asubuhi mzigo unafika, mnunuzi anataka rekodi ya ubaridi ya usiku kucha, haipo, mvuvi anakatwa bei kwa uzembe wa mtu ambaye hata hamjui. Inauma sana aisee.

Na meiliboksi si kitu cha jana, imo tangu kerneli 3.18 mwaka 2014. Inapanga foleni ya ujumbe, ina taimauti, inakuambia umetoka au umekwama. Mwenye chipu anaandika draiva fupi ya kontrola, yaani kile kifaa cha chipu kinachobeba ujumbe, basi. Tena femuwea (programu ya ndani ya ile prosesa ndogo) yake ikiongea SCMI, lugha ya pamoja ya kuiagiza prosesa kama hiyo, iliyoingia kwenye 4.17 mwaka 2018, draiva za saa, sensa za joto, kasi ya CPU, kuwasha na kuzima sehemu za chipu, zote zipo zimeshaandikwa na watu wanazikagua kila siku. Tazameni AM335x ya Texas Instruments, ile ya BeagleBone Black: ina Cortex-M3 ya kusimamia usingizi, Linux inaipakia femuwea kwa remoteproc (sehemu ya kerneli ya kuwasha prosesa za pembeni) halafu inaigongea kwa meiliboksi. Chipu ya zamani ile!

Ukiwauliza wanasema chipu yao ni ya kipekee. Upekee upi? Ni rejista (vijisehemu vya kumbukumbu ndani ya chipu) za kuweka ujumbe na intarapti ya kugonga mlango, kila mtu anazo. Hata kama lugha ya ujumbe ni yao wenyewe, meiliboksi haijali umeandika nini ndani, yenyewe inafikisha tu.

Kinachonikera zaidi, draiva za regyuleta (vidhibiti volti) na za saa zote zinaita fanksheni za draiva hiyo yao moja kwa moja, kwahiyo tumefungwa kwenye 4.9, kerneli iliyoacha kupata marekebisho Januari 2023. Ukijaribu kuhamia mpya bodi haiwaki. Yani vifaa viko ziwani, vimeunganishwa na mtandao, na mashimo ya usalama hatuwezi kuyaziba!

Hatuombi msaada wa bure. Tupeni maelezo ya rejista na mpangilio wa ujumbe, hizo kurasa chache mnazotuficha, draiva ya kontrola tutaiandika wenyewe hapa Mwanza na tutaipeleka kerneli kuu. Na kama kuna mkuu humu, awe Kisumu, Bukoba au Musoma, ameshahamisha bodi ya namna hii kwenda meiliboksi, aje inbox tafadhali.