Tupeane uzoefu: Winning Eleven za Kijapani tulizocheza bila kusoma hata herufi moja

KonaKavu
Wakuu, leo nimepita mahali nikasikia sauti ya yule mtangazaji wa Kijapani wa gemu ya mpira ya Winning Eleven, Jon Kabira, anavuta "goooo" mpaka pumzi inamwishia. Nikasimama palepale. Waliokulia kwenye vibanda vya gemu enzi za PlayStation, PS1 na PS2, wanaijua sauti hiyo. Menyu yote ya Kijapani, na bado kila mtoto wa mtaa anajua sehemu ya kupanga kikosi iko mstari wa ngapi. Wewe ulicheza toleo gani, na lilikutesa vipi?

Mpiga_Faulo
Kibandani kwetu Tabora tulicheza bila rangi. TV ilikuwa inapokea mfumo wa rangi wa PAL tu, sidii ya Japani inatoa mfumo wa NTSC, basi picha inakuja nyeusi na nyeupe. Nyekundu na bluu zikikutana unapasia adui. Tulikuwa tunagombea kuchagua Ujerumani, maana nyeupe angalau inaonekana.

binti_wa_Ujiji
Hapo kwenye Ujerumani umenena. Kwetu ilikuwa hivyohivyo.

Beki3
Mimi Winning Eleven 8, yaani WE8, ndiyo ilinilea. Ile ile PES 5 ya Ulaya, kule walikoiita Pro Evolution Soccer.

KonaKavu
WE8 ni PES 4, mkuu. Chukua namba ya Japani, toa nne. WE5 ya 2001 ndiyo PES ya kwanza, WE9 ya 2005 ndiyo PES 5, WE10 ndiyo PES 6.

Beki3
Mbona yangu ilikuwa ya Kiingereza na imeandikwa Winning Eleven?

Mtoro_wa_Twisheni
Hiyo ilikuwa ya Marekani. Kule jina la Winning Eleven lilibaki, wakaongeza neno International, na menyu ni Kiingereza. Matoleo matatu ya mchezo mmoja. Ila la Japani lilitangulia: WE9 ilitoka Agosti, Ulaya wakasubiri Oktoba. Ndiyo maana vibanda vilijaa Kijapani, wenye vibanda walitaka usajili mpya mapema.

Beki3
Kibanda chetu kilichelewa miaka miwili, usajili mpya gani unaouongelea?

Mtoro_wa_Twisheni
Nasema vya kwetu Kariakoo. Vya kwenu sivijui.

Nahodha_wa_Kisauni
Nimesoma hapo juu, moyo ukaniuma upya. Niwasimulie.

Nilikuwa na WE7, ya Kijapani, deki imetiwa chipu ili isome sidii za Japani. Master League, ile ligi ya kujenga timu yako msimu kwa msimu, nilianza na wale wachezaji wa kupewa, kina Castolo, Minanda na Ximelez. Mwenye kuwajua anajua taabu yao. Nilipanda daraja nao, nikakusanya pointi kidogo kidogo, nikasajili mmoja mmoja. Majina yameandikwa Kijapani, kwa hiyo nilikuwa nawatambua kwa nywele na mbio zao. Likizo nzima imo ndani ya memori kadi.

Akaja binamu yangu kutoka Nairobi, kazoea PES ya Ulaya. Nimeenda kuswali Ijumaa, yeye akaanzisha ligi yake mpya. Akafika kwenye kuhifadhi, likatokea swali. Hajui linasema nini, akaona bora akatae, arudi nyuma. Akabonyeza duara.

Deki za Kijapani, duara ndiyo kukubali na X ndiyo kukataa. Ulaya X ndiyo kukubali. Alikuwa anaulizwa kama aandike juu ya ligi yangu.

Narudi, nafungua, namkuta Castolo kasimama mbele na pointi za kuanzia. Sikupiga kelele. Nilitoka nikakaa barazani mpaka magharibi, mama akidhani nimefiwa na rafiki. Binamu yangu huyo leo ana watoto, na sijawahi kuweza kumsimulia jambo hili bila sauti kubadilika.

binti_wa_Ujiji
Pole sana kaka. Castolo jamani.

Mpiga_Faulo
Duara hilo limeua wengi. Kwetu mtu alibonyeza duara akidhani anarudi, kumbe ameanzisha mechi na kikosi kilekile, kipa yuko winga.

Beki3
Hivi ile memori kadi bado unayo? Kuna watu wanahamishia kwenye kompyuta, inaweza kurudi.

Mtoro_wa_Twisheni
Usimpe matumaini. Kilichoandikwa juu yake hakirudi.

Beki3
Umejaribu?

KonaKavu
Msigombane. Nahodha, anza upya kwenye kompyuta kwa toleo la Ulaya, X ikubali, maisha yaendelee.

Nahodha_wa_Kisauni
Siwezi kucheza la Ulaya. Man United inaitwa "Man Red", na Kabira hayupo.

Mpiga_Faulo
Basi nunua memori kadi mbili. Moja yako, moja ya binamu.