Mapato na matumizi hayajasomwa tangu mwaka jana, tuanzie wapi?

Mama Viazi
Habari zenu. Niko kijijini mkoa wa Njombe, nalima viazi. Mwaka juzi tulikubaliana mkutanoni kila kaya itoe 15,000 tujenge madarasa mawili. Asiye na hela alibeba mawe. Boma limefika kwenye lenta, basi. Tuliambiwa tukifikisha lenta, halmashauri ya wilaya itapaua. Sasa ni masika ya pili matofali yanalowa.

Mwenyekiti anasema kamuulize mtendaji wa kijiji. Mtendaji anasema anasubiri wilayani. Mapato na matumizi hatujasomewa tangu mwaka jana. Mkutano unaitishwaje bila mtu kuitwa mchochezi?

Mwenyekiti Mstaafu
Pole mama. Nimekaa kwenye kiti hicho vipindi viwili, huko kusini. Mtendaji anaajiriwa na kulipwa na halmashauri ya wilaya. Ndiye katibu wa mikutano, ndiye anashika stakabadhi. Mwenyekiti mnamchagua nyinyi lakini mshahara hana. Ukimkoromea mtendaji anakutazama tu, bosi wake hayupo kijijini. Ndiyo maana wanakurusha huku na huku.

Ila Sheria ya Serikali za Mitaa, Na. 7 ya 1982, iko upande wako. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ndio wenye kauli ya juu kijijini, na unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, wale wajumbe 15 hadi 25, iko chini yake. Kwa hiyo huombi hisani. Andikeni barua kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, wasaini watu wa kila kitongoji. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri huwa "haikufika".

Halafu dai muhtasari wa ule mkutano wa 15,000. Mimi hilo liliniponza. Tulipitisha kisima, kwenye muhtasari kikaandikwa ukarabati wa ofisi, nami nikasaini bila kusoma. Hadi leo wanakijiji wananitania kwamba nilichimba kisima cha mabati.

Mbishi wa Kahawani
Someni mapato mpaka jioni, bati hamtaliona. Hela haiko kijijini. Hata kodi ya majengo ambayo miji ilikuwa inajikusanyia, tangu 2021 inakatwa kwenye umeme. Mnapewa mkutano, hela inabaki juu.

Mwenyekiti Mstaafu
Kuhusu hela sikubishii. Nakumbuka 1972 halmashauri za wilaya zilipofutwa, tukaambiwa ni madaraka mikoani. Madaraka yalifika mkoani kweli, huku chini hayakushuka. Ziliporudi 1984 tulishazoea kusubiri. Lakini hizo 15,000 zilitoka mifukoni mwao, hazikutoka juu. Hizo waanze nazo.

Jirani wa Makueni
Hamjambo majirani. Huku Kenya Katiba ya 2010 ilizipa kaunti 47 fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hivyo gavana hawezi kusingizia Nairobi kila siku. Wizi upo, msidhani tumefika. Kitu kimoja kilichosaidia hapa Makueni ni kamati ya mradi inayochaguliwa na wenyeji. Mwanakandarasi hapati malipo yake hadi kamati iweke sahihi. Nyanya yangu yuko kwenye moja, na fundi akimwona anakuja na mkongojo anashika pima maji haraka. Mama Viazi, boma lenu lina kamati?

Mama Viazi
Shikamoo mzee, ahsante. Kamati tulikuwa nayo, wawili wamehamia mjini, wa tatu ni shemeji yake mtendaji.

Barua imesainiwa na watu 43, ofisi ya kata imegonga muhuri. Jana usiku mwenyekiti kanipigia: "Dada, si ungekuja tu nyumbani tukaongea?" Nikamwambia nimekuja mara tatu, mkeo ndiye alinipa uji. Akacheka, akasema mkutano ni Jumamosi saa nne. Binti yangu wa darasa la saba nitamkalisha mbele na daftari, naye aandike muhtasari wake.