Naomba ushauri: nyumba ya moduli za mbao kwenye mteremko, Rungwe

Mwalimu_Rungwe

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi na mume wangu ni walimu, na tumepata kiwanja cha mteremko nje kidogo ya mji wa Tukuyu, chenye migomba na miparachichi upande wa juu na kijito upande wa chini. Kwa kuwa kipato chetu hakituruhusu kujenga nyumba nzima kwa mkupuo, tumefikiria kujenga kwa moduli, yaani vyumba vidogo vya mbao vyenye vipimo vinavyofanana, ambavyo tutaanza navyo viwili au vitatu kisha tuongeze vingine kadiri fedha inavyopatikana. Tungependa viunganishwe kwa vibaraza vilivyoezekwa, ili mtu akitoka chumbani kwenda sebuleni apite kando ya bustani, na watoto wetu wakue wakiijua miti kwa majina.

Fundi mmoja ametushauri vyumba vitengenezwe vikiwa kamili mjini Mbeya na kuletwa kwa lori. Anataka pia ukuta wote wa kusini uwe wa vioo, kwa sababu huko ndiko bonde linakofunguka kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa. Baba mkwe, kwa upande wake, anasema nyumba ya mbao ni banda, na kwamba mwanawe hawezi kulala bandani wakati matofali ya kuchoma yapo. Ninamheshimu sana, na nisingependa kumjibu kwa maneno matupu. Je, wazo letu linafaa kwa mvua na baridi ya huku, na tuanzie wapi?

Msanifu_Uyole

Dada, anzeni na jua. Tukuyu iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la saa sita mchana hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Juni, baridi inapowabana, huwa kiasi cha nyuzi 57 tu kutoka usawa wa ardhi. Ukuta wa vioo unaotazama kusini hautalipata jua hilo wakati mnapolihitaji zaidi, na usiku utapoteza joto la chumba kwa haraka; kisha Desemba, jua likihamia kusini, ndipo utakapoliingiza ndani kwa wingi. Mandhari ya bonde ni zawadi, lakini kuipokea hakuhitaji ukuta mzima. Wekeni dirisha moja la wastani upande wa kusini, kwa kimo cha macho ya mtu aliyeketi, na kibaraza cha kupumzikia. Madirisha makubwa yatazame kaskazini, kwenye migomba yenu, ambako mtapata jua na kijani kwa pamoja.

Vyumba vipangeni kwa kufuata mkunjo wa mteremko, kutoka mashariki kwenda magharibi, ili chumba cha juu kisikikinge jua chumba cha chini. Wala msichimbe mlima kutafuta uwanja tambarare. Inueni sakafu juu ya nguzo fupi, maji ya mvua yapite chini yake na udongo ubaki na mizizi yake. Sakafu iliyoinuliwa hupitisha baridi, hivyo iwe ya tabaka mbili, na katikati yake kitu cha kuzuia joto la chumba lisipotee. Nasisitiza hili kwa sababu nyumba nyingi za mbao huchukiwa kwa kosa la sakafu, si la mbao.

FundiMafinga

Naunga mkono, na naongeza habari ya usafirishaji. Lori la kawaida lina upana wa takriban mita 2.5, kwa hiyo chumba kilichokamilika kitakuwa ama chembamba kama ukumbi wa kupitia, ama mzigo unaohitaji kibali maalumu barabarani, halafu kinahitaji kreni kwenye mteremko wenye matope. Sielewi faida yake. Tengenezeni kuta bapa, zilale zikiwa zimepangwa juu ya lori, na watu wanne wazisimamishe kiwanjani.

Kipimo cha moduli kitokane na vitu vinavyopatikana dukani. Plaiwudi ni futi 4 kwa 8, na mbao nyingi za msindano huuzwa zikiwa na urefu wa futi 12. Chumba cha futi 12 kwa 12 kina vipande vitatu vya futi 4 kila upande, bila makombo ya kutupa, na kipande chenye dirisha kinaweza kubadilishana nafasi na kipande cha ukuta mtupu familia ikiongezeka. Mbao za shamba la miti la Sao Hill ni nzuri, ila msikubali mbichi: mbao mbichi husinyaa baada ya kugongomewa, viungo hufunguka, na katika mvua ya Rungwe hapo ndipo uozo unapoanzia. Zianikeni kwa kuzipanga na vijiti katikati, chini ya paa, au nunueni zilizokaushwa kwa tanuri. Nguzo ziwe zimetiwa dawa na zisimame juu ya vikonyo vya mawe au zege, zikitenganishwa navyo kwa kofia ya bati inayotokeza pembeni, ili mchwa wasipande kimyakimya. Mabaki ya mbao zenye dawa yasiingie jikoni kamwe, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Mzee_Migombani

Mwanangu, mwambie mkwe wako kwa adabu kwamba wazee wetu Wanyakyusa walikaa katika nyumba za mianzi katikati ya migomba, na wageni waliopita huku katika karne ya 19 walizisifu kwa usafi na ufundi wake. Mwambie pia ahesabu kuni zinazoingia kwenye tanuri moja la matofali, kisha atazame vilima vyetu. Lakini usishindane naye. Msingi na ukuta wa jikoni vijengwe kwa mawe, naye aombwe kusimamia kazi hiyo. Atakuwa na sehemu yake katika nyumba, na jiko litakuwa salama zaidi dhidi ya moto.

Mwalimu_Rungwe

Shikamoo mzee, na nawashukuru nyote. Suala la mawe nitalipeleka kwake wiki hii. Nina swali jingine: chumba cha kwanza tulitaka kiwe ukingoni mwa kijito, ili tusikie maji. Je, kuna ubaya?

Mtunza_Vyanzo

Upo, dada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mto, na ukingo ndio kinga ya maji wanayoyatumia majirani zako walio chini. Sehemu hiyo iacheni iwe ya miti ya asili na njia ya mguu. Mikaratusi kama ipo iondoeni taratibu, huku mkipanda mingine mahali pake. Choo na shimo lake vikae mbali kabisa na ukingo huo.

Maji ya matumizi yatatoka juu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 35 linaweza kuwapa lita 70,000, na hata robo ikipotea, bado ni nyingi. Kila moduli iwe na mfereji wake, na tangi liwekwe upande wa juu wa bustani ili maji yashuke yenyewe.

Msanifu_Uyole

Narudi kwa jambo la mwisho. Jengo la Nakagin lililojengwa Tokyo mwaka 1972 lilikuwa na vyumba 140 vilivyokusudiwa kubadilishwa kimoja kimoja. Havikubadilishwa kamwe, na jengo likabomolewa mwaka 2022. Kwa hiyo amueni sasa nyumba itakuaje. Choo, bafu na jiko viwe katika moduli ya kwanza, vikipeana mgongo kwenye ukuta mmoja wenye mabomba yote. Kuta za mashariki na magharibi zisipitishwe bomba wala waya, kwa maana huko ndiko vibaraza na vyumba vijavyo vitakakounganishwa. Vikonyo vya moduli ya pili vijengwe pamoja na vya kwanza, wakati mafundi wa mawe bado wapo. Ramani inayoonyesha hatua zote ndiyo mwiombee kibali cha ujenzi halmashauri, msiombe kibali cha chumba kimoja kimoja.