Usukani wa ndege: kosa ni la mguu au la pedeli?

Jana barazani, Mji wa Kale, Mombasa, kahawa ilipoa vikombeni kwa mabishano. Mzee mmoja, nahodha wa jahazi tangu ujana wake, alisema: "Mwanangu, usukani hauvunji chombo wenyewe. Muulize aliyeshika kana."

Tulikuwa tukizungumzia ndege ya American Airlines 587, iliyoanguka New York tarehe 12 Novemba 2001. Walikufa watu 265, watano kati yao wakiwa chini, mtaani kwao. Ndege hiyo, Airbus A300-600, ilipita kwenye kisulisuli kilichoachwa na ndege kubwa iliyotangulia, kama mtumbwi unavyopigwa na mawimbi ya meli ikiingia Kilindini. Usukani wa ndege ni bapa linalogeuka mkiani, nyuma ya pezi lililosimama wima, na rubani huugeuza kwa pedeli za miguuni. Rubani msaidizi akakanyaga pedeli hizo kulia, kushoto, kulia tena, kwa nguvu. Pezi la mkia likang'oka.

Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilisema mwaka 2004 kuwa chanzo ni kukanyaga huko kupita kiasi. Mzee angefurahi kusikia hayo. Lakini bodi hiyohiyo ilitaja pia muundo wa mfumo wa usukani na mafunzo aliyopewa rubani, na hapo ndipo nilipo mimi.

Tazameni pedeli yenyewe. Ndege ikiwa imesimama, husafiri kama sentimita 10. Kwa kasi ya noti 250, yaani maili 250 za baharini kwa saa, hubaki sentimita 3 tu, urefu wa kipande cha juu cha kidole gumba. Kwa kasi hiyo, pedeli huanza kusogea ukiikanyaga kwa uzito wa kilo 10 hivi, na kwa kilo 14 na kitu imeshafika mwisho. Mtu aliyeshtuka, ndege inayumba, mguu wake utapimaje tofauti ya kilo 4?

Na pezi halikuwa bovu. Sheria ilitaka lihimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa unaotarajiwa safarini. Lilivunjika karibu na mara mbili. Kizuizi cha usukani, kifaa kinachoubana usigeuke sana kadiri kasi inavyopanda, nacho kilifanya kazi yake. Shida ni kwamba kilipima usukani umegeuka kiasi gani, hakikuhesabu umegeuzwa mara ngapi. Marubani wengi waliamini kwamba chini ya kasi fulani hakuna mkanyago utakaovunja ndege. Imani hiyo ilifaa kwa mkanyago mmoja wa upande mmoja.

Mzee akanibana: "Na injini moja ikizima wakati wa kuruka, utamfunga mguu?" Swali zito, maana hapo rubani anauhitaji usukani wote ili ndege isivutwe upande mmoja. Lakini kwa kasi ndogo kizuizi huuachia hadi digrii 30. Kwa noti 250 huubana kwenye digrii 9 hivi. Anayezuiwa ni yule asiyehitaji zaidi.

Linaloniuma ni muda. Ni mwaka 2012 ndipo Marekani ilipoamuru A300-600 na A310 ziwekewe taa ya kumwonya rubani aache kukanyaga, au kifaa cha kupunguza mwendo wa pedeli. Miaka 11! Sheria ya kutaka ndege mpya zihimili usukani kugeuzwa huku na huku ilikuja 2022, na haizigusi zilizokwisha kuidhinishwa.

Ninyi mnaofanya kazi uwanja wa ndege wa Moi, na manahodha pia: ndege za zamani zirudishwe kwa mafundi, au mafunzo yanatosha? Mimi nasema zirudishwe.